Dhamana na mdhamini: nani anabeba mzigo gani?

*dhamana* nm [i-/zi-], *dhamini* kt, *mdhamini*, *mdhaminiwa* nm [a-/wa-], *udhamini* nm [u-]. Asili: Kiarabu.

Miaka michache iliyopita, mwalimu mmoja mstaafu, jirani wa wazazi wangu, alinijia akiwa na nakala za fomu mbili. Ya kwanza ilikuwa fomu ya maombi ya kazi ya mpwa wake. Ya pili ilikuwa fomu ya mkopo ya mpwa huyohuyo. Katika fomu zote mbili jina la mzee lilikuwa limeandikwa mbele ya neno lilelile: *Mdhamini*. Katika fomu ya kwanza neno hilo lilimtaka awe tayari kuulizwa iwapo kijana ni mwaminifu. Katika ya pili lilimtaka alipe deni endapo kijana hatalipa. Kijana hakulipa, na barua ya madai ikafika nyumbani kwa mzee. Huyu ni mtu aliyefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30. Nilipomwamkia aliitikia, akaketi, kisha akaniuliza: "Mwanangu, wewe uliyesomea maneno, niambie. Mimi nilidanganywa au nilishindwa kusoma?"

Sikuwa na jibu la haraka. Fomu zote mbili zilikuwa tafsiri kutoka Kiingereza, na Kiingereza kina maneno mawili yaliyo mbalimbali, *referee* na *guarantor*, mahali ambapo fomu zile zilikuwa na neno moja la Kiswahili. Kwa kipimo cha kamusi mfasiri hakukosea: *mdhamini* hutumika kwa maana zote mbili. Hata hivyo, mtu aliyetia saini alijifunga kwa wajibu ambao hakuuelewa. Makala haya yanaeleza jinsi neno *dhamana* lilivyokusanya maana hizo, jinsi lugha nyingine zinavyozigawa, na jinsi mfasiri anavyoweza kulitumia bila ya kumtia mtu hasarani.

Matumizi ya sasa

Katika Kiswahili cha leo, *dhamana* na jamaa zake hutumika kwa maana zifuatazo, na huenda msomaji akaziongeza nyingine:

1. Masharti yanayomwezesha mshtakiwa kuwa huru wakati kesi yake ikiendelea. *Mshtakiwa yuko nje kwa dhamana.*
2. Mali ambayo mkopaji huiahidi kwa mkopeshaji. *Aliweka shamba lake dhamana.*
3. Ahadi ya mtu kulipa deni la mwingine. *Alimdhamini shemeji yake katika mkopo.*
4. Ahadi ya muuzaji kuhusu ubora wa bidhaa. *Jokofu hili lina dhamana ya miaka 2.* Madukani wengi husema *waranti*.
5. Hati ambazo serikali hukopea fedha kwa umma. *Benki imenunua dhamana za Serikali.*
6. Jukumu la uongozi. *Waziri mwenye dhamana ya elimu atajibu swali hilo.*
7. Usimamizi wa mali au taasisi kwa faida ya wengine. *Bodi ya Wadhamini imekutana.*
8. Ufadhili au uungaji mkono. *Kampuni hiyo ndiyo mdhamini wa ligi. Mgombea anatafuta wadhamini mikoani.*
9. Kumshuhudia mtu sifa zake. *Andika majina ya wadhamini wawili.*

Tukiyatazama matumizi haya kwa pamoja, tunaona kwamba hayana uzito mmoja wa kisheria. Anayemdhamini mshtakiwa katika maana ya kwanza anaweza kupoteza fedha na mali. Anayemdhamini mgombea katika maana ya nane hapotezi chochote mgombea akishindwa. Mwalimu aliyetajwa katika maana ya tisa hupoteza, kwa ukubwa wake, heshima tu. Neno ni moja, lakini hatari zinapishana sana.

Pande nne za dhamana

Neno limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti *dh-m-n*, ambao umetupa pia neno *madhumuni*, yaani kile kilichomo ndani ya jambo. Wanazuoni wa fikihi waliieleza dhamana kwa ufupi kuwa ni kuunganisha dhima na dhima. Maana yake ni kwamba deni lilikuwa limeegemea dhima ya mtu mmoja, na sasa limeegemea dhima za wawili. Kiswahili kinalo neno *dhima*, kwa hiyo maelezo hayo hayahitaji ukalimani. Ni vyema kuyatofautisha na *hawala*, ambayo katika fikihi ni kulihamisha deni kutoka dhima moja hadi nyingine. Katika hawala wa kwanza huondoka, ilhali katika dhamana hubaki.

Vitabu vya fikihi hutaja pande nne, na kila upande una jina lake. Yupo mwenye kudhamini. Yupo anayedhaminiwa, ambaye deni ni lake. Yupo anayewekewa dhamana, yaani mwenye kudai. Na kipo kinachodhaminiwa, yaani deni lenyewe au jambo lililoahidiwa. Kiarabu huzitenga pande tatu za mwisho kwa viambishi na vihusishi vidogo vinavyofuata neno lilelile. Kiswahili kilipolipokea neno hakikupokea vijineno hivyo. Tulibaki na *mdhamini* na *mdhaminiwa*, na upande wa mwenye kudai ukakosa jina la mazoea. Upungufu huo ndio unaoziba macho ya watu. Mtu huambiwa anamdhamini nani, lakini haambiwi anamdhamini *kwa* nani, wala kwa kitu gani.

Hapo ndipo ninapopendekeza mfasiri aanzie. Kabla ya kuchagua neno katika lugha yoyote, ajiulize maswali manne: Nani anaahidi? Kwa ajili ya nani? Mbele ya nani? Na ahadi ikivunjika, ni nini kitakachopotea, na kitampotea nani? Maswali haya yatatuongoza katika mifano inayofuata.

Mahakamani: *bail*, *bond* na *surety*

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa *bond* au *bail*, kwa masharti ya kiasi, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kutomwachilia. Maneno hayo mawili yamewekwa sanjari kwa kuwa mahakama huyatumia kwa njia mbili. Kwa njia moja, mshtakiwa au ndugu zake huweka fedha taslimu mahakamani na kurejeshewa kesi ikiisha, ilimradi mshtakiwa amehudhuria. Kwa njia nyingine, hakuna fedha inayowekwa. Mshtakiwa huahidi kwa maandishi kuwa atalipa kiasi fulani akitoroka, na mara nyingi mtu mwingine huahidi pamoja naye. Mtu huyo wa pili Kiingereza humwita *surety*.

Mfasiri akiandika *dhamana* kwa yote mawili, sentensi ya Katiba itasomeka "dhamana au dhamana." Magazeti ya Kiswahili ya Kenya yameondoa tatizo kwa kuazima: mtu huachiliwa *kwa dhamana ya pesa taslimu ya Sh100,000 au bondi ya Sh200,000*. Msomaji wa Nairobi anaelewa kwamba cha kwanza hulipwa leo, na cha pili hulipwa endapo mshtakiwa atatoroka. Tofauti ya viwango inatokana na hilo.

Tukivuka mpaka, *bondi* hubadilika sura. Waandishi wa habari za mahakama nchini Tanzania nao huandika kwamba wadhamini *walisaini bondi* ya kiasi fulani, lakini mtaani Dar es Salaam *kuweka bondi* ni kuacha simu au redio kwa mtu ili akukopeshe fedha. Katika bondi ya Nairobi hakuna fedha inayoachwa. Katika bondi ya mtaani Dar es Salaam kitu huachwa mara moja. Mfasiri anayewaandikia wasomaji wa nchi zote mbili atakuwa salama zaidi akisema *dhamana ya fedha taslimu* kwa upande mmoja na *hati ya ahadi ya dhamana* kwa upande wa pili. Mshtakiwa anayeahidi peke yake, bila mtu wa pili, *amejidhamini mwenyewe*. Hilo ni umbo zuri la kitenzi ambalo Kiswahili tayari kinalo.

Kwa *surety*, *mdhamini wa mshtakiwa* linatosha, ila mfasiri asisahau swali la nne. Mshtakiwa akitoroka, mahakama nchini Kenya na Tanzania inaweza kumwamuru mdhamini alipe kiasi alichoahidi. Asipolipa, mali yake inaweza kukamatwa na kuuzwa, na mwishowe yeye mwenyewe anaweza kufungwa. Mara nyingi huyu ni ndugu au jirani aliyefika mahakamani kwa huruma, akiwa na barua ya serikali ya mtaa mkononi. Anastahili kuambiwa jambo hilo kwa lugha anayoielewa kabla hajatia saini.

Marekani: kufuta dhamana ni kufanya nini?

Mfano wa Marekani unaonyesha kwamba hata kitenzi kinachoandamana na *dhamana* kinaweza kupindua maana. Tarehe 18 Septemba 2023 jimbo la Illinois, ulipo mji wa Chicago, lilikuwa la kwanza Marekani kuondoa kabisa mfumo wa kudai fedha ili mshtakiwa aachiwe. Tangu siku hiyo hakimu wa huko humwachilia au humzuia mtu kwa kupima hatari ya kutoroka au ya kudhuru wengine. Uwezo wake wa kulipa hauhesabiwi tena.

Mfasiri anayefuata neno kwa neno ataandika: *Illinois yafuta dhamana*. Katika Kiswahili cha mahakamani, *kufuta dhamana* ni kumrudisha mahabusu mtu aliyekuwa nje. Msomaji wetu ataelewa kwamba Illinois sasa haimwachii mtu yeyote, kumbe jimbo hilo limewaondolea maskini kizuizi cha fedha. Sentensi sahihi ni ndefu kidogo: *Illinois imeacha kudai fedha kama sharti la kumwachia mshtakiwa.* Urefu huo una faida, kwa kuwa umetaja kilichofutwa.

Marekani pia ina biashara ambayo kwetu haipo. Katika majimbo mengi, mshtakiwa asiye na fedha humwendea mfanyabiashara ambaye humwahidia mahakama, naye hutozwa ada, kwa kawaida asilimia 10 ya kiasi kilichotajwa. Ada hiyo hairudi hata mshtakiwa akishinda kesi. Kumwita mfanyabiashara huyo *mdhamini* peke yake ni kumvisha sura ya ndugu au jirani wa mfano wetu wa kwanza. *Mdhamini wa kulipwa* linasema ukweli kwa maneno machache.

Kifaransa: mtego wa maneno yanayofanana

Wafasiri wa Kongo na Burundi, na wale wanaofanya kazi katika taasisi za kimataifa jijini Arusha, hukutana na tatizo la aina nyingine: maneno ya Kifaransa yanayofanana na ya Kiingereza kwa herufi, lakini maana zake ni tofauti.

Neno la Kifaransa *bail* ni mkataba wa kupangisha nyumba au shamba. Halihusiani na mahabusu hata kidogo. *Bail* la Kiingereza na *bail* la Kifaransa ni ndugu, kwani yote mawili yametoka katika kitenzi cha Kifaransa cha zamani chenye maana ya kukabidhi. Waingereza walilitumia kwa mshtakiwa anayekabidhiwa watu watakaomrudisha. Wafaransa walilitumia kwa nyumba anayokabidhiwa mpangaji. Ndugu hao waliachana zamani, lakini herufi hazikubadilika.

Neno *caution* ni la hatari zaidi. Kwa Kiingereza cha polisi, *caution* ni onyo: afisa humwonya mtuhumiwa kwamba halazimiki kusema lolote. Ndiyo maana Tanzania tuna istilahi *maelezo ya onyo*. Kwa Kifaransa, *caution* ni mdhamini, na pia ni fedha inayowekwa. Aliyeachiwa *sous caution* yuko nje kwa dhamana, na mpangaji anayetoa *caution* anamwachia mwenye nyumba fedha za kinga, zitakazorudi asipoharibu kitu.

Chukulia mkataba wa Kifaransa unaosema kwamba mpangaji atatoa *caution* siku ya kutia saini *bail*. Mfasiri anayeujua Kiingereza zaidi kuliko Kifaransa anaweza kutuletea mpangaji anayetoa onyo siku ya dhamana. Sentensi hiyo itamchekesha mhariri, naye ataisahihisha. Hatari kubwa imo katika sentensi isiyochekesha. Hati ya mkopo inaposema mtu fulani *s'est porté caution*, mfasiri akaandika kwamba *alichukua tahadhari*, sarufi itakuwa timamu na hakuna atakayeshtuka, ilhali mtu aliyejifunga kulipa deni ametoweka katika maandishi.

Ghuba: kafala na kafili

Turudi kwenye Kiarabu, kwa kuwa huko neno letu lina mwenzake. Vitabu vya madhehebu ya Shafii, yaliyoenea zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, aghalabu huiweka *dhamana* kwa deni na *kafala* kwa mwili wa mtu: kafala ni ahadi ya kumleta mtu mbele ya mwenye haki au ya kadhi. Kwa hiyo dhamana ya mahakamani katika Kiswahili ingekuwa karibu zaidi na kafala. Kiswahili kiliyaweka mambo yote mawili chini ya *dhamana*, na *kafala* likabaki kwa wasomi.

Sasa neno hilo limerudi kwa mlango mwingine. Wafanyakazi wetu walioko Oman, Saudia na nchi nyingine za Ghuba wanamjua *kafili*: mwajiri ambaye kibali cha mfanyakazi cha kuishi nchini hutegemea jina lake. Katika mikataba iliyoandikwa kwa Kiingereza kafili huitwa *sponsor*, na katika tafsiri za Kiswahili huitwa *mdhamini*, pengine hata *mfadhili*.

Tuulize maswali yetu manne. Nani anaahidi? Mwajiri. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mfanyakazi. Mbele ya nani? Mbele ya serikali ya nchi ile. Na uhusiano huo ukivunjika, nani anapoteza? Mara nyingi ni mfanyakazi, kwa kuwa bila ya kafili uhalali wa kuishi kwake huko huingia mashakani. Msichana wa Tanga au Mombasa anayesoma *mfadhili wako* anamfikiria mtu wa kumsaidia. Akisoma *mdhamini wako*, anamfikiria mtu wa kubeba mzigo wake. Hakuna tafsiri kati ya hizo inayomwambia kwamba kibali chake kimefungwa kwa mtu mmoja. Ningeandika *kafili, yaani mwajiri ambaye kibali chako cha kuishi kinamtegemea*. Hapa neno la kuazima, likiandamana na maelezo, ni bora kuliko neno la nyumbani linalofariji bila sababu.

Pamoja na hayo, Kiarabu hulitumia *kafala* pia kwa malezi ya yatima, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unalitaja kwa maana hiyo katika ibara ya 20. Mfasiri wa hati za watoto akikutana nalo, asimlete mwajiri wa Ghuba katika nyumba ya yatima.

Udhamini na amana

Imebaki maana ya saba, ambayo ni ngumu kuliko zote. Kwa Kiingereza *trustee* ni mtu anayeshika mali kwa faida ya mwingine. Kiswahili rasmi humwita *mdhamini*. Tanzania ina Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na *udhamini* katika jina hilo ni usimamizi wa aina hii. Hausemi lolote kuhusu mahabusu wala mikopo.

Fikihi ingeshangazwa na uchaguzi huu. Wanazuoni huutenga *mkono wa amana* na *mkono wa dhamana*. Mwenye mkono wa amana ametunza kitu cha mtu, na kikiharibika bila ya uzembe wake halipi. Mwenye mkono wa dhamana hulipa hata kama hakuzembea. Msimamizi wa mali ya wengine yuko karibu zaidi na mkono wa kwanza, lakini tumempa jina la mkono wa pili. Istilahi imekwisha kukita mizizi katika sheria na majina ya taasisi, na sipendekezi kuing'oa. Ninapendekeza mwalimu anayefundisha sheria ya mali aieleze siku ya kwanza, na mfasiri aongeze *msimamizi wa amana* pale ambapo msomaji anaweza kudhani kwamba mdhamini atalipa madeni kutoka mfukoni mwake.

Tofauti hii iliwahi kuwa suala la nchi nzima. Kuanzia mwaka 1946 hadi uhuru wa mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini ya Umoja wa Mataifa chini ya utawala wa Uingereza. Ruanda-Urundi ilikuwa katika hali hiyo chini ya Ubelgiji. Kiingereza kiliuita mfumo huo *trusteeship*, usimamizi wa mali isiyo yako. Kifaransa kiliuita *tutelle*, neno la sheria ya familia linalomhusu mlezi na mtoto asiyefikia umri. Kiswahili kikasema *udhamini*. Kwa hati ileile, mkazi wa Tanganyika alikuwa mwenye mali kwa Kiingereza, na mkazi wa Ruanda-Urundi alikuwa mtoto kwa Kifaransa. Mwezi Machi 1955, Julius Nyerere alipozungumza mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York, alikuwa anautumia upande wa tatu wa dhamana, ule usio na jina katika Kiswahili chetu: mbele ya nani. Uingereza ilikuwa na pa kuwajibika, nao wananchi walikuwa na mahali pa kumhoji aliyeshika nchi yao.

Mapendekezo kwa wafasiri

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Kabla ya hapo, katika mahakama za juu ya ile ya mwanzo, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Sasa mwelekeo umegeuka: sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinahitaji kusomeka kwa Kiswahili. Chaguo la mfasiri linaweza kuwa sheria yenyewe, na hakutakuwa na matini ya Kiingereza kando ya mwananchi ya kumwokoa. Kwa hiyo:

– Usiliache *mdhamini* peke yake katika hati inayotiwa saini. Andika *mdhamini wa deni*, *mdhamini wa mshtakiwa* au *mdhamini wa mfuko*.

– Kitenzi kikifuatwa na mtu, taja pia kitu. *Alimdhamini Juma* haitoshi. *Alimdhamini Juma katika mkopo wa shilingi milioni 2* inatosha.

– Mali inayofungwa kwa deni iite *mali ya dhamana*. Ikiwa ni nyumba au ardhi iliyofungwa kwa utaratibu wa sheria ya ardhi, *rehani* ni sahihi zaidi.

– Mwenye kugharamia ligi au masomo bila ya kudai kurejeshewa mwite *mfadhili*.

– Katika fomu za kazi, badala ya *wadhamini*, andika *watu wawili wa kuulizwa kuhusu mwombaji*.

– *Waziri mwenye dhamana* ni Kiswahili fasaha, lakini ukimpeleka katika lugha nyingine mfanye kuwa waziri *mhusika* au *mwenye wajibu*, asije akafika huko akiwa ametoka mahabusu.

– Ongeza sentensi moja ya matokeo: *Mdhamini atalipa deni lote endapo mkopaji hatalipa.* Sentensi hiyo haimo katika matini asilia kwa sababu neno la Kiingereza tayari limeibeba. Kuiongeza ni kuwa mwaminifu kwa matini.

Najua wapo wahariri watakaosema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuongeza sentensi. Nawaheshimu, lakini uaminifu wa tafsiri ya kisheria hupimwa kwa wajibu unaomfikia msomaji. Ikiwa msomaji wa Kiingereza alijua kwamba atalipa na msomaji wa Kiswahili hakujua, basi tafsiri imepunguza kitu, hata kama idadi ya maneno imelingana.

Yule mwalimu nilimjibu baada ya siku mbili. Nilimwambia kwamba hakudanganywa na kwamba alisoma sawasawa. Alisoma neno kwa maana aliyoizoea, na fomu haikumpa dalili kwamba maana imebadilika. Aliitikia kwa kichwa. Deni alilipa kwa awamu kutoka katika pensheni yake, miezi 14. Kabla ya kuondoka aliichukua kalamu yangu, akaandika kwenye nakala yake ya fomu ya mkopo, mbele ya neno *Mdhamini*, kwa mwandiko wa ubaoni: *yaani mlipaji*.